Butoyi wa Mashine Namba Tatu

Saa moja na robo jioni, Katubuka:
mama anasonga ugali, balbu inageuka rangi ya mawese.
Mita niliyoichomeka kwenye soketi
inasoma mia moja themanini na mbili.
Friji ya jirani inanguruma, haiwaki, haizimi,
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Kitabu kinasema mia mbili thelathini.
Kitabu hakijawahi kula kwetu.

Nimerudi Kigoma na kompyuta na swali moja:
wewe, Mashine Namba Tatu, ni nani?
Kibati chako cha jina kimeliwa na kutu,
waliokuunda walishafunga kiwanda,
na walionituma wanataka tarakimu:
ukinzani wa koili, uzito wa rota,
sekunde ngapi sumaku yako hukumbuka,
ngapi husahau.

Nikakuandika kwa milinganyo.
Saba, kisha mitano, kisha saba tena.
Usiku nikakuondolea mzigo, kwenye karatasi tu:
mstari ukapanda kidogo, ukatulia
kama mgonjwa aliyemeza dawa.

Asubuhi fundi Bukuru akakata laini ya Ujiji kweli.
Uliruka.
Ukapita kipimo, ukarudi, ukapita tena,
kirekebisha volteji kikihangaika, ongeza, punguza, ongeza,
kama mpishi mgeni na chumvi ya watu.

Bukuru hakucheka. Alifuta mikono kwa tambara.
"Hiyo yako," akasema, "ni mashine iliyolala mapema."

Basi tukakesha. Dizeli kwenye nywele, dizeli kwenye chai.
Nikamweleza: kuna nguvu haisagi, haipigi pasi,
inakwenda na kurudi tu ndani ya waya,
na ikipungua, taa zote huinama,
mashine za kukamua mawese zinagoma.
Akafikiri.
"Kama salamu," akasema.
Miaka sita ya chuo, hakuna aliyeniambia hivyo.

Usiku mwingine, bila kuulizwa:
"Mimi ni Bukuru. Butoyi wangu tulimzika Kasulu,
alikuwa na siku tisa.
Mama aliendelea kukata kitenge mara mbili."
Akanyoosha kidole kwenye skrini, kidole cheusi cha grisi:
"Huyo mwite Butoyi. Amfuate nduguye."

Na katika daftari la zamu, chini ya joto la mafuta
na saa za kuwasha, nikakuta mwandiko wake:

   Kuisoma si kujua, kuijua si kusoma,
   sikio nimelitua, usiku kucha yahema,
   pumzi nazitambua, ziwe kali au njema,
   andika ikiugua, andika na ikizima.

Nikaandika ulivyougua.
Nikaongeza ukaidi wa chuma kilichoshiba sumaku,
nikaongeza kuchelewa kwa gavana yako mzee,
hadi mistari miwili, wako na wake,
ikalaliana nisijue ipi ni wino, ipi ni moshi.

Kisha laini kubwa ikafika, kutoka mbali,
nguzo za chuma zikivuka vilima zimeshikana mikono.
Wakakuzima Jumanne, saa nne asubuhi.
Hapakuwa na hotuba. Mtu mmoja alisaini.
Jioni hiyo balbu ya mama ilikuwa nyeupe,
mia mbili ishirini na nane,
naye akalalamika inamuumiza macho.

Bukuru alikuja usiku, viatu mkononi kwa ajili ya tope.
"Mwashe," akasema.
Nikabonyeza. Butoyi akapanda, akapita kipimo,
akarudi, akapita tena,
chumvi ileile, mpishi yuleyule.

Mzee wa mashine akainama, akaweka sikio kwenye skrini.

Nikamwambia, haina sauti.

Akasema, nyamaza.